Bodi Zinazopumua

Bodi zinapumua. Ndivyo walivyosema wanawake bombani, mtaani Mbotela, na tangu Muhonja aisikie habari hiyo haikumtoka kichwani. Walisema usiku zinatoa gundi hewani, na mtoto aliyelala karibu anaivuta mpaka kifua kinaoza.

Kwake ilikuwepo moja. Chumba alichogawana na jirani yake Warigia kilikatwa katikati na ukuta wa bodi ya fundi Phares, na kitanda cha mwanawe Khalayi kiliegemea hapo. Khalayi alikuwa na miaka minne. Alikuwa akikohoa tangu mvua ianze.

Muhonja alimfukiza kila jioni. Alifunga dirisha, akabandika maji ya mkaratusi kwa jiko pale chini kando ya kitanda, akajifunika blanketi na mtoto wake. Mtoto alitoka humo macho mekundu, akikohoa zaidi. Dawa ya kliniki iliisha chupa nzima bila nafuu.

Jumamosi asubuhi alishika nyundo.

"Mama Khalayi, unafanya nini?" Warigia alikuwa upande wake wa chumba, mwiko mkononi, gesi ikivuma nyuma yake.

"Naondoa sumu."

"Sumu gani? Wanja wangu analala ubavuni mwa bodi hiyohiyo. Umewahi kumsikia akikohoa?"

"Wako ana bahati."

"Na leo usiku mume wangu atavulia suruali wapi, mbele yako?"

"Azime taa."

Bodi ilipasuka. Muhonja alibeba kipande kikubwa kichwani hadi karakana ya Phares, nyuma ya maduka.

Phares alikuwa uani, akianika makapi aliyokusanya kwa wauza juisi ya miwa wa Jogoo Road. Aliyasaga pamoja na maranda ya mbao, akatia gundi, akayakandamiza kwa mashine mpaka yakawa bodi. Alipenda kuwaambia wateja kwamba hapo hakuna mti uliokatwa. Wanawake wa mtaa hawakumpenda. Vipande vilivyobaki alivifungia kwa kibanda chenye kufuli, na aliyekuja kuviomba alifukuzwa. "Mchoyo hata wa taka," walisema, wakangoja aende kula, wakavichomoa kwa pengo la mabati.

Muhonja alimtupia kile kipande miguuni. "Lala nacho wewe."

"Mama Khalayi, kwanza keti."

"Sikuja kuketi. Mtoto wangu anakufa kwa sababu ya takataka zako."

"Mwanangu Nzomo amelala hapo ndani. Kuta zote ni hizihizi. Ingia umwangalie, hata umwamshe."

"Huyo ni wako. Mtoto wa nyoka huuawa na sumu ya babake?"

"Mama, gundi ikikauka imekauka. Ikiwa ukutani haina neno. Shida yake ni moto tu, ndiyo maana mimi huwa—"

"Nyumba yangu haijaungua. Nakuambia kifua, wewe unaniambia moto."

"Nami nakueleza hicho kifua—"

"Utanieleza mtoto niliyemzaa? Kwa vile niliachia darasa la saba, unadhani utanizungusha?"

Wateja wawili walikuwa wakisikiza. Mmoja aliiweka chini bodi aliyokuwa ameshanunua, akaondoka bila kuaga. Phares alimfuata Muhonja hadi langoni, akimwita. Hakugeuka. Tangu mvua ianze hakuwa amejisikia na nguvu kama hizo.

Nyumbani alimkuta Warigia ametundika shuka pale palipokuwa na bodi. Hawakusalimiana. Muhonja aliokota mabaki ya ile bodi sakafuni, akayapanga vizuri kando ya jiko. Jioni ilipofika alimfukiza Khalayi kama kawaida. Mtoto alikohoa mpaka akatapika, akalala akipumua kama msumeno.

Ng'ambo ya shuka, Wanja naye akakohoa.

"Umesikia?" Muhonja aliuliza. "Ulisema wako hakohoi."

Warigia alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni.

Muhonja alichukua simu. Phares angelala vipi usiku huu, na sasa watoto wawili wanakohoa? Akaandikia kikundi cha akina mama wa mtaa, ujumbe mmoja, ili hata aliye mvivu wa kusoma aelewe:

Usinunue bodi za Phares, hata akikupunguzia.

Usimlaze mtoto karibu na ukuta wake.

Usimsikize akianza maneno yake ya gundi na moto. Anakuzungusha.

Ukiing'oa usitupe hata kipande. Zinawaka kuliko makaa. Mimi sijanunua makaa tangu mvua ianze, ndizo zinanichemshia maji ya kumfukiza Khalayi, na usisahau kufunga dirisha.