Picha za Mama Mkwe

Kamera ya plastiki ya bei ya kutupa ilikuwa imekwama, na filamu ikipigwa na mwanga huungua yote. Basi mke akajibana ndani ya kabati la nguo, magoti yakigusa kidevu, akaifungua gizani.

Filamu yote ilikuwa picha za mama mkwe peke yake, pozi baada ya pozi, amejipamba utadhani yeye ndiye bibi harusi.

Utepe wa filamu ukamfyatukia mapajani. Alikuwa akiukunja kwa kupapasa, jasho likimtiririka shingoni, aliposikia mumewe akiingia chumbani, na mama mkwe nyuma yake.

"Mwanangu, mke gani huyu, kutwa na kidude chake? Mrudishe kwao."

Akitoka, filamu inaungua. Akibaki, atasikia yote. Akabaki, akingoja mumewe amtetee.

"Sawa, mama," mume akasema. "Ila ngoja kwanza azisafishe zile picha zako."

Mke akausukuma mlango wa kabati kwa mguu. Mwanga ukammwagikia mapajani.

"He! Humo unafanya nini?" mama mkwe akamaka.

"Nilikuwa nakuokoa, mama," akajibu, akaunyoosha utepe wote mbele ya dirisha.