Ndoo Isiyojaa

Jumatatu ya tarehe nane Juni ndipo Mzee Mbonea alipoharibu mambo: alikwenda kulalamika kuwa bomba lake hujifunga kabla ndoo haijajaa.

Siku hizi ukifa, ubongo wako hutolewa ukaendeshe mitambo ya mji. Ubongo wa mkewe, Namkunda, waliupeleka kwenye mitambo ya maji. Wakubwa wa mji huzikwa na bongo zao kichwani, na hakuna wa kuwauliza.

Alhamisi akaja mkaguzi, binti wa ofisi ya maji. "Usihofu, mzee wangu. Ubongo wenyewe hauumi hata ukikatwa. Ila ukianza kukumbuka watu, tunaufuta."

Hapo Mbonea akakumbuka mgongo wake mbovu, na Namkunda akifunga bomba ndoo ikifika robo tatu. "Beba hiyo, bwana mkubwa, usije ukanivunjikia!"

"Nilikosea, binti yangu. Bomba ni zima kabisa."

"Ngoja tuone." Akakinga ndoo, akafungua.

Maji yakapanda. Jaza, mke wangu, Mbonea alisihi kimoyomoyo, jaza hata imwagike.

Robo tatu, bomba likanyamaza.

Mkaguzi akautazama mgongo wa Mbonea uliopinda. "Mzee, zamani ndoo alikuwa akikujazia nani?"