Waya wa Chumba cha Nyuma

Usiseme hukujua. Ulipita mbele ya kasho, chumba cha mahabusu cha komine, ukamsikia katekista Ignace akiimba mle ndani, ukageuka kuangalia ziwa kana kwamba hujawahi kuliona. Siku tatu ulipita hivyo. Na kosa lake? Mtoto alikuwa anakufa kule Bagira, naye akambatiza, akamwita Constance. Zaïre mpya haitaki majina ya watakatifu. Jina la mababu linatosha, wanasema, na anayebatiza kwa jina lingine afungwe.

Basi sikia yaliyompata mdogo wake Ignace. Kwenye kitambulisho anaitwa vingine. Mimi namwita Anaclet, na anayetaka aje anikamate.

Siku ya nne, saa tisa mchana, Anaclet alikuwa amepiga magoti katika salon, sebule ya citoyen Bisimwa, chef wa chama, sikio lake likiwa kwenye kisanduku cha interfoni. Mzungu aliyeiacha nyumba aliviacha visanduku viwili: kikubwa salon, kidogo chumba cha nyuma, na waya mrefu kati yake. Unafungua swichi huku, unasikia kule. Sasa kilinguruma tu kama tumbo la mwenye njaa.

Chumba cha nyuma alilala Cibalonza, mtoto mchanga wa chef, homa juma zima.

Mezani waliketi wanakomite sita wa chama katika abacost zao, suti zisizo na tai. Mbele yao karatasi moja: Ignace apelekwe gereza kuu kesho asubuhi. Ilibaki kusainiwa.

"Ni mimi nilimuita huyu fundi," alisema Birindwa, mwandishi wa komite. "Chef atakaaje na sisi hapa, na Cibalonza iko nakohoa kule, hasikii kitu?"

"Haikuwa lazima," alisema Bisimwa.

"Ni zawadi yetu, chef." Birindwa akamgeukia Anaclet. "Na wewe, petit, ule katekista iko ndugu yako, hapana? Waya ikipona mbele ya kusaini, nitamusemea neno. Ukishindwa, utamubebea blanketi."

Wakacheka wote, isipokuwa chef.

Anaclet alitoa mfukoni kisikizio cha simu ya zamani, akakifunga kwenye kisanduku kikubwa. Birindwa akakipigia chafya. Chafya ikatoka sandukuni, mate nusura yatoke nayo. Kisanduku ni kizima, basi. Ugonjwa uko kwenye waya.

Korido ilikuwa na giza kidogo. Bisimwa alimfuata humo, akamwekea mkono begani.

"Usiharakishe, fundi. Kazi ya muzuri iko ya polepole."

Anaclet aliuelewa upole ule mara moja: wasaini kwanza, waya upone baadaye. Chef aliporudi mezani, yeye akaanza kutambaa mbio zaidi.

Aliufuata waya kwa kidole, chini ya ukuta, juu ya mlango wa jikoni, mpaka nyuma ya kabati. Pale ulikuwa umekatika. Panya huacha meno. Hapa shaba iling'aa, na ncha mbili zilikuwa zimekunjwa, moja huku, moja kule, zisije zikagusana.

Alipoinua kichwa, mke wa chef alikuwa amesimama juu yake.

"Fundi, uiache tu."

"Maman, panya gani anatumia wembe?"

"Sema umeshindwa. Leo tu. Kesho utarudi, utatengeneza."

"Ndiyo, maman."

Mdomo ulisema ndiyo. Vidole vilikuwa vimeshasokota shaba ya kwanza. Yeye ana mume chef wa chama. Ignace ana nani? Mama akarudi chumbani ametulia, na Anaclet akasokota ya pili.

Akarudi salon kwa kuzunguka nje, kupitia ua, asikutane tena na mtu wa kumwambia polepole.

Kiti cha Bisimwa kilikuwa kitupu.

"Ameenda kuangalia mutoto," alisema Birindwa, kalamu mkononi. "Akirudi tunasaini. Na wewe, umeshindwa?"

"Musikilize wenyewe."

Akafungua swichi. Kikohozi cha mtoto kikatoka karibu sana, kana kwamba amelala katikati ya karatasi zao. Birindwa akatabasamu kama aliyemzaa yeye. Kisha mlango ukasikika ukifungwa, na ufunguo ukizungushwa, na sauti ya Bisimwa ikaja chini chini, ikimwambia mkewe:

"Usitetemeke, Emérence. Ile waya nilikata mwenyewe. Umuinue kichwa."

Maji yakamwagika, na sauti ileile ikaendelea:

"Camille, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu."

Kule salon viti sita vilirudi nyuma kwa pamoja, na wanakomite sita waliosomeshwa na mapadri, wamesimama wima, vichwa vimeinama, kabla hata mmoja hajakumbuka kilichomleta pale, wakajibu kwa sauti moja:

"Amina."

Karatasi haijasainiwa. Inuka sasa hivi, twende tukamtoe Ignace kabla hawajaketi.