Kifungo cha Uzi Mweusi

Mpiga pasi wa duka la dobi alilitandaza shati jeupe mezani, akaiweka pasi kando. Kifungo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Alikishona yeye mwenyewe, siku uzi mweupe ulipomwishia, katika nyumba aliyoitoroka bila hata kandambili.

Mumewe hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa akikifungua kifungo hicho taratibu, halafu anaukunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Kabla hata hajamgusa, mkewe ameshanywea.

"Dada, hili la nani?" mpiga pasi alimwuliza mwenye duka.

"La yule kaka aliyekaa hapo mlangoni," mwenye duka alijibu. "Mpole huyo! Anataka kupigiwa pasi tu. Nimemwambia arudi kesho, akasema hana haraka. Eti kazi ya mkono wako anaijua."

Duka lilikuwa na mlango mmoja tu.

Alilinyoosha shati: kola, mgongo, mikono; halikubaki hata kunyanzi moja. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akakifungua kile kifungo, akaukunja mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, kama apendavyo mumewe.