Balbu ya Bi Mashavu

Balbu ya chumbani kwa Bi Mashavu iliungua Jumatatu, na binti yake, Tunu, akaipeleka ofisi ya mtaa asubuhi hiyohiyo. Siku hizi kila mtu ana balbu iliyosajiliwa kwa jina lake, inayowaka usiku na mchana. Ikikaa siku tatu imezimika, mwenyewe huhesabiwa amekufa, akazikwa.

Karani aliigeuzageuza, akasema za aina hiyo zimekwisha, labda Ijumaa.

"Ijumaa mama atakuwa ameshazikwa," Tunu alisema.

"Basi mpe ya kwako, dada."

Tunu alirudi nyumbani, akapanda juu ya stuli chumbani kwake, akaishika balbu yake. Ilikuwa ya moto. Akashuka mikono mitupu.

Alhamisi mchana walikuja wanawake wawili na beseni na sanda. Bi Mashavu alikuwa kitandani anakunywa uji. Aliwakaribisha vizuri, akawauliza nani kafiwa. Wakaweka beseni chini, wakamsogelea.

"Tunu, mwanangu, mbona wananivua nguo?"

"Tulia, mama," Tunu alisema, akimpokea kikombe. "Wanakuogesha tu."