Bakuli Halirudi Tupu

"Kule kwetu maji hayakatiki," alisema Salha, na Mwanakheri akaitua ndoo kwa kishindo hadi maji yakamrukia dada yake miguuni. Tangu Salha aje kumtembelea, kila kitu kilipimwa kwa mizani ya mji wake: barabara, taka, umeme. Kodi ya huko ni kubwa, ndiyo, lakini mtu anaona anacholipia.

"Basi dada, ungekuja na hayo maji yako."

Hodi ikapigwa. Jirani yao, Mama Tunu, alimkabidhi Mwanakheri bakuli la mbaazi za nazi, akamjulia hali mgeni, akaenda zake.

Mwanakheri alizimimina mbaazi, akaliosha bakuli, akaanza kupekua kabati akinung'unika. Ndimu, sukari kidogo, chochote. Bakuli la watu halirudi tupu.

Salha alimwangalia akipekua.

"Kule nilimpelekea jirani vitumbua," alisema. "Kesho yake akanirudishia sahani. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Tupu. Na akanishukuru sana."

Mwanakheri alichoka hata kubishana. "Toa hizo tende zako za safari," alisema. "Upeleke mwenyewe."

Salha alilijaza bakuli, akatoka. Alikawia. Bomba likakohoa, maji yakatoka, ndoo zote zikajaa, na bado kicheko chake kilisikika kwa jirani. Aliporudi alikuwa na bakuli lile lile, limejaa bajia za moto.

"Amekataa nitoke mikono mitupu."

"Sasa hilo nalo tutalirudisha na nini?"

Salha alikaa kizingitini, bakuli mapajani, akaziba njia, macho mlangoni kwa Mama Tunu.