Mkwe Kando ya Barabara

Nilishuka kwenye baiskeli ya marehemu mzee wangu pale kilima cha kuingia Matongo. Miguu ilikataa. Kidumu changu cha maji nilikuwa nimekisahau hospitalini, chini ya kitanda cha binti yangu Boke.

Ndipo nikamwona mume wake akiteremka kutoka mashimo ya dhahabu, vumbi jeupe la mawe limemjaa mpaka kwenye kope. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawaongei. Hata mimi nilikuwa naenda kutafuta mtu wa kunisemea kwake.

Akaingia majanini upande ule, mimi upande huu. Tukapeana migongo. Nikakaa chini, ulimi umenata.

Nikasikia chupa ikiwekwa juu ya jiwe, kisha hatua zikirudi.

"Kama kuna mama hapo," akaiambia mikonge, "anywe. Mimi simwoni mtu."

"Na mimi nasikia ndama tu analia," nikajibu.

Akacheka kidogo.

Maji yalikuwa ya moto, yananuka plastiki. Nikanywa nusu. Nikafunga kizibo, nikairudisha juu ya jiwe.

Halafu nikaongea na ile chupa.

"Wewe chupa, mwambie mwenye Boke kwamba amejifungua mtoto wa kiume, mzima kabisa. Lakini damu ya Boke haikatiki tangu alfajiri. Wanatafuta mtu wa kumchangia damu."



Mkwe wangu akageuka, akanitazama usoni.